Kitanzi au kifungo cha maisha gereza la Luzira, kipi kina meno?

Kila mauaji makubwa yakitokea hapa Uganda, stejini kwa bodaboda ni wimbo ule ule, anyongwe! Haya tulinganishe.

Kitanzi bado kipo kwenye sheria, ila raia wa mwisho kunyongwa ni wale 28 wa Luzira mwaka 1999, toka hapo ni makaratasi tu. Alafu 2009 ikaja kesi ya Susan Kigula na wenzake 417 waliohukumiwa kifo, Mahakama ya Juu ikasema jaji asilazimishwe kutoa kifo eti kwa vile ni mauaji, na mtu akimaliza miaka 3 baada ya rufaa ya mwisho hajanyongwa, adhabu inageuka kifungo cha maisha. Yaani hukumu mnayoshangilia leo nje ya mahakama, kesho kutwa inakuwa ile ile mliyoikataa.

Maisha je? Wengi bado wanasema ni miaka 20, na kweli zamani ilihesabiwa hivyo, lakini tangu kesi ya mfungwa mmoja, Tigo Stephen, Mahakama ya Juu mwaka 2011, maana yake mpaka ufie humo ndani. Mi naona hii ndo kali. Na kosa likigundulika mtu yupo, anatolewa, aliyenyongwa utamrudishaje?

Kigula mwenyewe alihukumiwa kifo 2002, baadaye akapunguziwa hadi miaka 20, akasoma sheria humo humo gerezani, 2016 akatoka. Familia za marehemu nazielewa, kumlisha muuaji kwa kodi yako inauma jamani, ila mi kamba siiungi mkono.