Zana za mstari wa amri kwenye macOS: saini ya ad hoc au Developer ID?

Kwenye Mac zenye chipu za Apple, programu ya arm64 isiyo na saini haiendeshwi kabisa. Kerneli (kiini cha mfumo) inaiua na unaona `Killed: 9` tu. Hapo saini ya ad hoc, yaani isiyo na cheti, inatosha: `codesign -s - zana`, tena bure, na mara nyingi linka (kiunganishi kinachomalizia kujenga programu) imeshaiweka. Shida ni kivinjari: faili iliyopakuliwa hubandikwa alama ya karantini, Gatekeeper (mlinzi wa macOS anayekagua programu) ikaizuia. Ikiletwa kwa `curl` haibandikwi, ndiyo maana timu nyingi za ndani hazihangaiki.

Developer ID, cheti cha msanidi kutoka Apple, ni dola 99 kwa mwaka. Saini kwa `--options runtime --timestamp`, funga zip, tuma kwa Apple ikaguliwe na kuidhinishwa, kwa `notarytool`. Ila `stapler`, zana inayobandika idhini hiyo kwenye faili, haipokei faili ya programu ikiwa peke yake, hivyo Mac isiyo na intaneti itakwama. Kwa hiyo sambaza pkg (kifurushi cha usakinishaji), ambayo `stapler` huipokea, iliyosainiwa kwa cheti cha Developer ID Installer.