Tairi la treina: nimemaliza mawili ya barabarani ndipo nikanunua la kazi hiyo

Unga mweusi ndio ulionishtua. Nilikuwa na kama wiki tatu tangu nifunge baiskeli kwenye treina, kile kifaa cha kufanyia mazoezi ya baiskeli ndani ya nyumba, ile aina ambayo gurudumu la nyuma linabanwa juu ya rola ya chuma. Siku hiyo nainua mkeka, nakuta mstari wa vumbi jeusi sakafuni, kama mtu amekaa pale akichonga penseli. Nikagusa tairi kwa vidole viwili, nikaachia hapo hapo. Moto! Na katikati, pale panapogusa rola, lilikuwa bapa kama limepigwa pasi.

Lilikuwa tairi zuri la barabarani, na uzuri wake ndio uliolimaliza. Mpira laini unashika lami vizuri, lakini kwenye treina unalika upesi. Barabarani tairi linakanyaga mahali tambarare, na mwendo wenyewe unaleta upepo wa kulipoza. Rola ni nyembamba, inadidimia kwenye mpira, kwa hiyo tairi linakunjwa na kukunjuka kila mzunguko, na chumbani hakuna upepo wa kuondoa joto. Feni yangu ilikuwa inanipuliza mimi usoni, tairi liko nyuma linaungua kimya kimya.

Niliweka la pili la aina ile ile (ubishi tu), nalo likaenda njia hiyo hiyo. Halafu nikajaribu baiskeli ya milimani yenye kashata kubwa. Hilo sikumaliza nalo hata dakika kumi. Kila kashata inapogonga rola unasikia mngurumo, sakafu inatetemeka, chupa ya maji inacheza mezani. Kama unakaa ghorofani na unawapenda majirani wa chini, usijaribu.

Ndipo nikanunua tairi la treina lenyewe. Kampuni kama Continental, Vittoria na Tacx zimekuwa zikiyatengeneza, na mengi huwa na rangi kali, kama buluu au nyekundu, ili usilichanganye na la kawaida. Langu ni la buluu, halina kashata hata moja, na ukilikunja mkononi unahisi ugumu wake.

Ugumu huo utaujua siku ya kulivalisha. Lilinitoa jasho kuliko mazoezi yenyewe. Mara ya kwanza nililazimisha kwa kijiti cha plastiki, nikabana tyubu kati ya tairi na rimu, nikapata pancha kabla sijapiga pedali hata moja. Mara ya pili nikaenda kwa akili: nililianika juani kwanza likalainika kidogo, nikaanzia upande ulio mkabala na vali na kumalizia kwenye vali, huku nikisukuma kingo za tairi ziingie kwenye bonde la katikati ya rimu ili nipate nafasi. Liliingia kwa vidole gumba peke yake. Vidole viliuma mpaka kesho yake, lakini liliingia.

Sasa nina miezi minane nalo. Unga mweusi siuoni tena, na nikimaliza saa nzima tairi lina joto la kawaida, naweza kulishika. Kelele imepungua, ingawa haijaisha. Treina yenyewe ina sauti yake na hakuna tairi litakaloiondoa. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba haliserereki. Zamani nikisimama kwenye pedali kukimbia kwa nguvu, gurudumu lilikuwa linaruka juu ya rola na wati (kipimo cha nguvu ninayopiga pedali) kwenye skrini zinayumba. Harufu ya mpira ilikuwepo wiki ya kwanza, ikapotea.

Lakini usidhani tairi peke yake litakutibu. Upepo wa ndani ya tairi ni nusu ya kazi. Mimi najaza psi 100, ndani ya kiwango kilichoandikwa ubavuni, na napima kila ninapotaka kuanza kwa sababu tyubu inapoteza upepo hata ikikaa tu. Rola naikaza mpaka iguse tairi, kisha naongeza mizunguko miwili ya kile kitasa cha kukazia rola, kama kitabu cha treina yangu kinavyosema. Nikishika gurudumu kwa mkono na kulivuta kwa ghafla, rola inatakiwa izunguke nalo. Likiteleza, nakaza kidogo tena. Naipima treina upya, ili isome nguvu zangu sawasawa, baada ya dakika kumi za kupasha misuli moto, siyo kabla, maana tairi likipata joto ukinzani unabadilika na namba za mwanzo zinakudanganya. Na kitambaa chenye spiriti kidogo kinatosha kufuta mafuta ya cheni yaliyorukia tairi.

Kasoro kubwa: halifai barabarani. Nilijua, na bado siku moja nikaona uvivu kulibadilisha, nikatoka nalo mara moja tu. Kwenye kona yenye unyevu gurudumu la nyuma likanihama. Nilibaki nimesimama kwa mguu mmoja na moyo mdomoni. Tangu hapo nina gurudumu la pili la nyuma, la mtumba, lenye kaseti ya gia idadi ile ile, na tairi la buluu linakaa humo daima. Kubadilisha ni dakika mbili. Bila gurudumu la pili, sidhani kama ningekuwa na subira ya kulivua na kulivalisha kila Jumamosi.

Ukiwa unapanda treina mara moja kwa wiki, chukua tairi lako la zamani lisilo na kashata ulimalizie hapo, usiingie gharama. Na wenye treina za kutoa gurudumu la nyuma na kufunga cheni moja kwa moja, haya yote hayawahusu.

Kabla ya kuagiza, chuchumaa usome namba ubavuni mwa tairi ulilonalo. Yangu ni 25-622: upana milimita 25, na 622 ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu. Baiskeli za inchi 29 nazo ni 622, ila rimu zake mara nyingi ni pana mno kwa tairi jembamba kama hili. Za inchi 26 za milimani ni 559, na za 27.5 ni 584. Namba ya pili isipolingana, hata ulianike juani wiki nzima, halitaingia.