Programu na Michezo ya Bure kwa Kompyuta ya Nyumbani: Zipi Zinastahili Bando Lako

Anayenunua kompyuta mpakato iliyotumika hapa Arusha, au Moshi kwa jirani zetu, huulizwa swali moja kabla hajatoa fedha: "Nikuwekee na programu?" Akikubali, fundi huchomeka flashi yake na kumwekea Microsoft Office, Photoshop na michezo kadhaa, karibu zote zikiwa zimevunjwa ulinzi wa leseni. Mnunuzi huondoka ameridhika, asijue kwamba programu za aina hiyo mara nyingi haziingii mpaka kinga ya virusi izimwe kwanza. Kwa maoni yangu, sharti hilo peke yake linatosha kulikataa toleo zima, hata kama fundi haongezi senti juu ya bei.

Mwongozo huu unapanga chaguo halali ambazo hazina bei, kwa kufuata mambo matatu: zinakula bando kiasi gani, zinahitaji kompyuta yenye nguvu gani, na je, unaruhusiwa kumpa jirani. Jambo la tatu ndilo ninalolipa uzito mkubwa. Nyingi kati ya programu zilizotajwa hapa zina leseni zinazomruhusu mtumiaji kuzinakili na kuzigawa apendavyo, kwa hiyo bando la mtu mmoja wa Sombetini linaweza kuhudumia nyumba kumi kwa kupitishana flashi, na hakuna sheria itakayokuwa imevunjwa. Programu nyingine ni bure mlangoni tu. Ndani zinauza, zinatangaza, au hazifunguki bila intaneti. Hizo nimezishusha chini hata pale zinapopendeza macho. Nimechukulia kwamba kompyuta yako ina kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) ya GB 4, inatumia Windows 10 au 11, na nyumbani huna intaneti isiyo na kikomo.

Programu za kazi

Nafasi ya kwanza naipa LibreOffice bila kusita. Inaandika barua, inatengeneza majedwali ya hesabu na maonyesho ya slaidi, na faili yake ya kupakulia ni kama MB 350, ambazo bando la usiku linazimudu. Ilizaliwa mwaka 2010 baada ya watengenezaji wengi wa programu ya ofisi ya OpenOffice.org kujitenga na kuunda taasisi ya The Document Foundation. Watanzania si wageni katika ukoo huo: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa toleo la Kiswahili la OpenOffice.org lililoitwa Jambo OpenOffice. Jina la OpenOffice bado lipo mtandaoni, lakini maendeleo yake yamekuwa ya polepole mno, na asiyejua historia hiyo huweza kupakua la zamani akidhani amepata lile lililo bora.

Lawama kubwa dhidi ya LibreOffice ni kwamba waraka ulioandikwa nyumbani hufika steshenari ukiwa umevurugika: jedwali limehama, ukurasa mmoja umekuwa miwili. Lawama hiyo ni ya kweli, ila dawa yake ni rahisi. Kabla hujatoka nyumbani, hifadhi nakala ya waraka katika muundo wa PDF kwa kutumia kitufe kilichomo humo humo kwenye programu, kisha peleka PDF hiyo ikachapwe. Haitabadilika hata kama kompyuta ya steshenari ina Word ya mwaka gani. Ukilazimika kumtumia mtu faili ya Word ili aihariri, andika kwa herufi za Carlito au Liberation Serif, kwa sababu upana wake umelinganishwa na Calibri na Times New Roman, na mistari haitaruka. Ipo pia kamusi ya kukagua tahajia za Kiswahili. Anayeona maneno yake yote yamepigiwa mstari mwekundu ajue kwamba programu inamsoma kwa Kiingereza, na abadilishe lugha ya waraka. Kwa wenye kompyuta za mezani zisizo na UPS (kifaa kinachoshikilia umeme unapokatika), ingieni kwenye mipangilio na mpunguze muda wa kuhifadhi kwa dharura kutoka dakika 10 hadi 2, maana TANESCO haibishi hodi.

Nafasi ya pili ni Firefox, kivinjari cha kufungulia tovuti, pamoja na kiongezi chake (programu ndogo ya kuongezea ndani yake) kiitwacho uBlock Origin. Wengi watashangaa kukuta kivinjari juu ya kicheza video, lakini hesabu ni ya bando. Matangazo ya mtandaoni, hasa yale ya video yanayojianzisha yenyewe, humla mtumiaji megabaiti ambazo hakuzikusudia, na uBlock Origin huyazuia kabla hayajapakuliwa. Google Chrome imeacha kukipokea kiongezi hicho katika umbo lake kamili, ilhali Firefox inaendelea nacho. Kama kuna programu katika orodha hii inayorudisha fedha mfukoni waziwazi, ni hii.

Ya tatu ni VLC, kicheza video na muziki. Ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris nchini Ufaransa, na tangu mwaka 2001 imekuwa chini ya leseni huria. Inacheza takriban kila faili ya video au muziki utakayoletewa kwa flashi, haina matangazo, na ni ndogo, kama MB 45. Sauti yake huweza kupandishwa kupita asilimia 100, jambo linalowafaa wenye mpakato za zamani ambazo spika zake zimechoka. Usizidishe tu, kwa sababu spika iliyochoka hupasuka.

Ya nne ni SumatraPDF, nyepesi kuliko zote za kusomea PDF nilizowahi kuzitumia. Nyumba yenye mtoto anayejiandaa kwa mitihani ya NECTA, au anayesoma vitabu kutoka maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, itaifungua kila siku, na hata kwenye mashine dhaifu haichelewi. Pamoja nayo weka 7-Zip ya kufungulia faili zilizobanwa, ambayo haifiki hata MB 2 na haina haja ya maelezo marefu.

Kuhusu kinga ya virusi, usipakue kitu. Microsoft Defender imo ndani ya Windows tayari, na kwa mtumiaji wa nyumbani inatosha. Zile nyingine za bure hutumia muda mwingi kukukumbusha ununue toleo la kulipia. Kinachohitajika zaidi ni tabia: flashi ikirudi kutoka steshenari na ukaona mafolda yako yamegeuka njia za mkato, usiyabofye, ikague flashi yote kwanza.

GIMP na Inkscape nimeziweka baada ya hizo zote, ingawa najua vijana wanaotengeneza kadi za michango ya harusi watanung'unika. GIMP ni ya kurekebisha picha. Inkscape ni ya kuchora nembo, kadi na mabango. Zote mbili zina uwezo mkubwa, na zote mbili zinamtaka mtu akae chini ajifunze. Tatizo lao hapa kwetu ni kwamba wachapaji wengi hufanya kazi kwa CorelDRAW au Photoshop, nao huomba faili za aina hiyo. Kama mchapaji wako anakubali PDF, Inkscape itakufikisha. Kama anang'ang'ania faili ya Corel, usianze safari. Muulize kabla hujapakua.

Za elimu, zinazofanya kazi bila intaneti

Hapa kuna mbili ambazo ningependa zijulikane zaidi. Kiwix, iliyoanzishwa mwaka 2007, humwezesha mtu kusoma Wikipedia nzima bila mtandao: unapakua programu, unapakua faili ya ensaiklopidia unayoitaka, na baada ya hapo hudaiwi bando tena. Wikipedia ya Kiingereza yenye picha zote hufika takriban GB 100, ambazo si za kupakua kwa bando la simu, lakini yapo matoleo yaliyopunguzwa na yapo mafungu ya mada moja moja. Faili ya Wikipedia ya Kiswahili ni ndogo sana ikilinganishwa na hiyo ya Kiingereza. Anayesoma au kufanya kazi kwenye chuo chenye intaneti nzuri anaweza kuipakua huko, akaileta mtaani kwa diski ya nje, na watoto wa mtaa mzima wakanufaika.

Nyingine ni Stellarium, inayoonyesha anga la nyota kama linavyoonekana mahali na saa yoyote utakayochagua. Ukiiwekea Moshi, nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, utaona fadhila ya kuishi huku: jioni za Aprili na Mei, Msalaba wa Kusini na Dubu Mkubwa huonekana pamoja, jambo ambalo mtu wa London au wa Cape Town halipati. Mtoto anaweza pia kukimbiza kalenda na kukifuatilia Kilimia, kundi dogo la nyota, kikipotea magharibi wakati wa masika, mnamo Mei, kisha kikichomoza tena alfajiri mwezi Juni, mvua zikiwa zimeisha. Wahenga waliosema kwamba Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua walikuwa wameliangalia anga kwa makini, na programu hii inathibitisha neno lao ndani ya dakika mbili. Kwenye mpakato ya zamani sana picha zake huweza kukwama. Jaribu kabla hujaigawa.

Michezo

Kwa nyumba yenye watoto wadogo, GCompris ni ya kwanza na sioni mpinzani. Iko chini ya KDE, jumuiya ya watengenezaji wa programu huria, ina shughuli zaidi ya 100 kwa watoto wa miaka 2 hadi 10, kuanzia kujifunza kushika kipanya mpaka hesabu na jiografia, na haina tangazo wala duka lililofichwa. Tux Paint, ya kuchorea, inaifuata kwa karibu.

Kwa wakubwa kidogo, SuperTuxKart inashika nafasi ya kwanza. Ni mbio za magari madogo, na ubora wake ni kwamba wachezaji wawili au zaidi hugawana kioo kimoja cha kompyuta, bila intaneti. Ndugu wawili wanaweza kugawana hata kibodi, huyu upande wa kulia na yule wa kushoto, ugomvi ukiwa juu ya wazazi kuuamua. Ni nzito kiasi, mamia ya megabaiti, na mpakato ya zamani itataka ubora wa picha ushushwe.

OpenTTD naiweka ya pili, na kwa mtu mzima ningeiweka ya kwanza. Unajenga barabara, reli na viwanja vya ndege, unanunua mabasi, na unatafuta faida; anayejua jinsi nauli na njia zinavyogombaniwa hapa Arusha kati ya Kilombero na Tengeru atauelewa mchezo huu haraka. Faili yake ni ndogo mno na inakimbia kwenye kompyuta yoyote. Zingatia jambo moja: mara ya kwanza inapofunguliwa hutaka kupakua mafungu ya picha, kwa hiyo ifungue mara moja ukiwa na bando.

Battle for Wesnoth, iliyoanza mwaka 2003, ni vita vya zamu kwa zamu. Inafaa kwa mpenda drafti au sataranji ambaye Kiingereza hakimsumbui. 0 A.D. ni ya majeshi ya kale, na imewaweka Wakushi wa bonde la Nile sawasawa na Warumi na Wagiriki, jambo lililonifurahisha. Hata hivyo, inazidi GB 1 na kwa kumbukumbu ya GB 4 vita vikikolea mashine huanza kugugumia.

Kijana wako atauliza habari za mpira. eFootball, mrithi wa PES, imekuwa bure tangu mwaka 2021, lakini inataka makumi ya gigabaiti, intaneti ya mara kwa mara na kadi nzuri ya picha, na ndani yake kuna duka la wachezaji. Kwa nyumba niliyoieleza hapa, kibanda cha gemu cha mtaani kitamgharimu kidogo zaidi.

Wapi pa kupakua, na lini ubadilishe mfumo mzima

Pakua kutoka kwenye tovuti ya wenyewe tu, kama libreoffice.org na videolan.org, kwa sababu tovuti za katikati huweka vitufe vikubwa vya kijani vinavyoleta kitu kingine. Ukipewa faili kwa flashi, Windows huonyesha jina la mtoaji kabla ya kuruhusu usakinishaji: kwa LibreOffice lazima lisomeke The Document Foundation, na kwa VLC lisomeke VideoLAN. Likisema mtoaji hajulikani, kataa uipakue upya.

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi mashine zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha 8. Kizazi hicho husomwa kwenye jina la prosesa: i5-4300U ni ya kizazi cha 4, i5-8250U ni ya 8. Mwenye mashine ya zamani anaweza kuweka Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, katika toleo lake jepesi la Xfce, ambalo faili yake ni karibu GB 3. Toleo la 22 litahudumiwa mpaka mwaka 2029, na programu karibu zote nilizozitaja ama zimo humo tayari ama zinapakuliwa kutoka kwenye hazina yake ya programu. Linawashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo kwenye diski, kwa hiyo liwashe hivyo kwanza, ujaribu Wi-Fi, sauti na printa yako. Printa ikigoma kwenye jaribio hilo, bakia na ulichonacho mpaka utakapopata fundi anayeijua Linux.