Makumbusho ya Reli, Nairobi: nyota tano, na tusiwaachie wageni peke yao

Kazi yangu ni kutembeza watalii. Mgeni akibaki na nusu siku Nairobi kabla ya ndege, namleta hapa, kando ya stesheni ya zamani, karibu na barabara ya Haile Selassie.

Anza na injini ya mvuke namba 5918, Mount Gelai. Ni Garratt (aina ya injini ndefu ya vipande vilivyoungwa ili ipinde kwenye kona) ya daraja la 59, iliyoundwa na kampuni ya Beyer Peacock kule Manchester, Uingereza, miaka ya 1950, yenye uzito wa tani 250 hivi. Zilikuwa 34, zote zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na zilipita juu ya reli yenye upana wa mita moja tu. Panda hadi kwenye kibanda cha dereva ushike zile nyenzo za chuma. Marehemu mjomba wangu alikuwa msaidizi wa dereva, na alikuwa akisema kwamba ukitoka Mombasa na mzigo kupanda bara, joto la humo ndani lilikausha shati mwilini.

Kisha tafuta behewa la Ryall, mrakibu wa polisi wa reli. Mwaka 1900 alikuwa humo akimvizia simba pale stesheni ya Kima, usingizi ukamchukua, simba akaingia akamtoa nje. Watoto hawabanduki hapo.

Ukimaliza, kumbuka kwamba mji huu ulizaliwa na reli mwaka 1899, na haukupita muda tauni ikaingia. Mwaka 1902 soko la Wahindi lilichomwa moto ili kuizuia. Maradhi na reli vimejuana hapa tangu zamani, ndiyo maana korona ilinitia hofu juu ya mahali hapa kuliko juu ya gari langu, ambalo ningeweza kulitumia kubeba mboga.

Mgonjwa wa kwanza Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Kabla mwezi haujaisha, ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa hadi Agosti 1. Aprili, Nairobi ikafungwa kutoka na kuingia, treni za abiria za Mombasa zikasimama hadi Julai. Watalii waliozidi milioni 2 mwaka 2019 hawakufika 600,000 mwaka uliofuata. Sasa fikiria: mgeni wa nje hulipa kiingilio kikubwa kuliko mwananchi. Asipokuja, fedha nono ndiyo inayokosekana. Na chuma hakijui karantini. Mvua ya Aprili inanyesha kama kawaida, kutu inakula bwela, yaani tangi la kuchemshia maji, na rangi inabanduka. Hoteli iliyofungwa hupigwa deki ikafunguliwa. Injini ya mvuke iliyotelekezwa inadai fundi anayeijua, na mafundi hao ni wazee, wale wale ambao korona iliwawinda zaidi.

Kwa hiyo ombi langu ni kwenu mnaoishi hapa mjini. Ugonjwa mwingine ukizuka, ndege zitakuwa za kwanza kusimama, na atakayeweza kufika hapa mapema ni mtu wa Buruburu au Kawangware. Leteni watoto sasa, siyo mpaka shule iwaandalie safari.

Nendeni asubuhi kabla chuma hakijashika jua, mvae viatu vya kufunga kwa ajili ya ngazi, na mtenge muda wa saa mbili. Picha nzuri ya Mount Gelai hupigwa ukisimama mbali, maana ni ndefu kupita kiasi.