Mifuko ya upepo ya springi za nyuma, miezi nane kwenye pikapu ya zamani

Pikapu yangu ni ya miaka mingi na nyuma ilishalala kabisa, hata ikiwa tupu ilikaa kama imebeba mchanga, ukipakia kidogo tu kila shimo unasikia ekseli inagonga chesisi, usiku nao wanaokuja mbele wananiwashia fulu maana taa zangu zinawapiga machoni. Nikanunua shokapu mpya mbili nikidhani ndo dawa. Gari likabaki vilevile. Jamani, shokapu haibebi mzigo, kazi yake ni kuituliza springi isirukeruke, uzito wote uko kwenye springi.

Ndo nikachukua seti ya mifuko ya upepo. Mfuko mmoja kila upande, unakaa kati ya ekseli na chesisi pale kwenye raba ya kugongea, unajaza kwa pampu ileile ya tairi. Fundi alifunga kwa nusu siku bila kutoboa chesisi. Ila kabla ya kufunga alisafisha springi kwa brashi akakuta jani la pili (springi ni vyuma vilivyopangana, kila kimoja ni jani) upande wa kulia lina ufa, na bushi, yani zile raba za kwenye ncha za springi, zimeisha, tukabadilisha hivyo kwanza pamoja na yuboliti mpya, zile bolti za umbo la U zinazobana springi na ekseli, na nashukuru sana alikuwa makini kwa sababu mfuko hauponyi springi iliyopasuka, unaificha tu mpaka siku ikatike njiani.

Kazi inafanya, tena vizuri. Ikiwa tupu naacha psi 5 hivi (usiache bila upepo kabisa, mfuko unajikunja na kujichuna), nikipakia naongeza kidogokidogo huku napima kwa futi kutoka katikati ya tairi mpaka ukingo wa bodi hadi urudi urefu wa kawaida. Kugonga kumeisha, na gari linakaa sawa mbele na nyuma.

Sasa nisiyoyapenda. Seti ilikuja na mpira mmoja wa kupitisha upepo wenye kiungo cha njia tatu, mifuko yote inashea upepo, ukikata kona upepo unakimbia kutoka upande uliobanwa kwenda mwingine na gari linazidi kulala, yani inatisha ukiwa na mzigo mrefu. Nikatenganisha, kila mfuko na valvu yake, hilo ningelifanya siku ya kwanza. Kiungo kimoja pia kilikuwa kinavuja, nikakikamata kwa povu la sabuni.

Halafu muuzaji aliniambia eti sasa naweza kubeba zaidi. Hapana, hapana! Ekseli ni ileile, breki zilezile, tairi zilezile, kiwango cha uzito kilichoandikwa na kiwanda hakijasogea hata kilo moja. Mfuko unanyanyua tu gari likae sawa. Na ule uzito uliokuwa unagawanyika kwenye ncha ya mbele na ya nyuma ya springi, sehemu yake sasa inasukuma chesisi sehemu moja, kwa hiyo kama chesisi yako ina kutu pale juu ya ekseli tengeneza kwanza.

Kingine ambacho hakuna aliyeniambia ni breki. Pikapu nyingi za zamani zina valvu ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa kifimbo, inapima gari limelala kiasi gani ili ijue iruhusu breki ngapi nyuma. Ukijaza upepo gari likainuka, valvu inaona gari tupu wakati umepakia, breki za nyuma zinapungua. Mimi nililigundua kwenye mteremko, gari lilichelewa kusimama, moyo ulinienda mbio. Fundi alirekebisha kile kifimbo, ila siku hizi sijazi mpaka nyuma ipande kupita urefu wake wa kawaida.

Kama wewe unabeba mzigo kila siku ongeza jani la springi tu, itakuwa ngumu ikiwa tupu lakini hakuna cha kuvuja. Mimi napakia mara mojamoja, kwa hiyo mifuko nabaki nayo, na kila sevisi naangalia mpira wa upepo unapopita karibu na egzosi, pale ulishaanza kulainika nikauhamisha.