Kontrola ya sola kwenye gari ya biashara: seti zinazofaa joto la Unguja

Assalaam aleikum, watazamaji wangu, karibuni. Leo nipo ndani ya Hiace inayouza juisi na maji baridi pwani ya Nungwi. Juu ina paneli ya wati 200, chini ya kiti kuna betri ya jeli ya ampea-saa 100, mbali na ile ya kuwashia gari. Kazi yake ni friji ya volti 12, taa, na blenda inayopitia inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Mwenyewe anataka kujua kwa nini betri za wenzake hazidumu. Jibu mara nyingi lipo kwenye hiki kiboksi: kontrola, inayosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri, haiijui betri yako mpaka uiambie.

Hii ni EPEVER Tracer 2210AN, kontrola ya aina ya MPPT ya ampea 20, na naipenda. Wengi huku bado tunafunga zile ndogo za PWM, aina rahisi inayoivuta paneli ishuke hadi volti za betri, na kwa paneli ndogo ya seli 36 hazina ubaya. Lakini ukichukua paneli kubwa ya wati 250, inayofanya kazi kwenye volti 30 hivi, ukaifunga kwa PWM kwenye betri ya volti 12, betri inapata wati 110 tu hivi. Zaidi ya nusu ya pesa yako imebaki juu ya paa. MPPT inashusha volti na kupandisha ampea, kwa hiyo wati hazipotei hivyo. Mpaka wa hii ni wati 260 kwa betri ya volti 12, na volti 100 upande wa paneli. Usivuke.

Sasa njooni karibu na skrini. Imeandika SEL, yaani betri iliyozibwa: inachaji mpaka volti 14.4, halafu inashuka kushikilia 13.8. Betri yetu ni jeli. Ukiisukuma jeli 14.4 kila siku, gesi inafanya mapovu ndani na hayatoki tena, na hakuna mahali pa kuongezea maji. Kwa hiyo nipo kwenye ukurasa wa volti za betri, nabonyeza ENTER kwa muda... SELECT... hapo, GEL. Nathibitisha. Sasa mwisho wake ni 14.2. Mwenye betri ya maji, yenye vifuniko vya kufungua, achague FLD. Hiyo inakwenda 14.6, na mara kwa mara inapiga chaji ya kusawazisha ya 14.8 inayochemsha maji kwa makusudi. Gesi yake inalipuka, basi betri hiyo isikae kwenye gari iliyofungwa vioo ambamo mtu analala au anapikia.

Ninaloliona likipuuzwa sana ni joto. Hizo namba zote zimepangwa kwa betri yenye nyuzi 25. Nyuzi 25 wakati wa kaskazi, ndani ya gari iliyoegeshwa juani? Weka mkono hapa pembeni ya betri uone. Betri ya risasi (jeli, ya kuzibwa na ya maji zote ni za risasi) ikiwa ya moto inataka volti chache zaidi, na kontrola hii inapunguza volti 0.018 kwa kila nyuzi moja. Betri ikifika nyuzi 40, ile 14.2 inatakiwa ishuke hadi 13.93. Kijisensa kilichokuja nacho kimechomekwa kwenye kontrola yenyewe, kinapima joto la pale. Kama kontrola ipo kivulini na betri ipo chini ya kiti karibu na injini, kontrola inadanganyika. Nunua sensa yenye waya mrefu, ibandike ubavuni mwa betri. Ukiondoa sensa kabisa, inachukulia nyuzi 25 mchana na usiku. Mimi gari ya huku sifungi bila sensa ya waya, na mteja akikataa namweleza mpaka aelewe.

Upande wa chini nao una maneno. Kiwandani wameseti ikate matumizi betri ikishuka hadi volti 11.1. Kwa betri ya risasi hapo umeshaikausha. Ikipumzika kwenye 12.1 hivi tayari imebaki nusu. Kwa mzigo huu mdogo wa friji na taa, mimi naseti ikate 11.8 na irudi 12.8. Hili vitufe hivi havifanyi, unahitaji kile kiskrini cha MT50 au kompyuta, kwenye seti ya USE, ile ya kujipangia namba mwenyewe. Wakati wa masika, mawingu yakikaa siku mbili tatu, seti hii ndiyo inayookoa betri.

Lakini sikilizeni: ulinzi huo ni kwa vitu vilivyofungwa kwenye tundu la mzigo la kontrola tu. Inveta ya blenda inafungwa moja kwa moja kwenye betri, na ndivyo inavyotakiwa, maana ampea zake zingeunguza kontrola. Kwa hiyo kontrola haiwezi kuikata. Angalieni inveta yenu inakata kwenye ngapi. Nyingi zinasubiri mpaka karibu na 10.5, na hapo ni kuizima kwa mkono.

Wenye lithiamu, hii ya LiFePO4, ingieni USE: 14.2 hadi 14.4 juu, 13.5 ya kushikilia, kusawazisha kuzimwe, fidia ya joto (ile ya kupunguza volti kwa kila nyuzi) iwe sifuri, ikate 12.0. Zile PWM zinazoonyesha aina ya betri kwa b1, b2, b3 ziogopeni kidogo. Nyingine b2 ni jeli, nyingine b2 ni lithiamu ya seli tatu inayoishia 12.6, na kiboksi kwa nje ni kilekile. Someni karatasi ya ile mliyonunua nyinyi, si ya jirani.

Kufunga: betri kwanza, paneli baadaye. Kufungua: paneli kwanza. Na hizi ncha za waya hapa, zimeshaanza ukijani wa chumvi ya bahari. Nazisugua, nazikaza, napaka grisi, halafu tunaiacha juani mpaka alasiri tuone kama 14.2 inafikiwa.