Dawa ya matone ya viroboto: huu ni mwezi wa 4 tangu nianze kuitumia kwa mbwa wangu Bobi, na maneno yangu ya mwanzo nayafuta

Jamani nimerudi kuandika upya kuhusu hii dawa maana mara ya kwanza niliiponda kila nilipopita, nikawa nawaambia watu wasihangaike nayo ni maji matupu. Niliionea. Dawa ilikuwa nzima, makosa yalikuwa kwenye upakaji wangu, na sasa hivi niko mwezi wa 4, Bobi analala usiku mzima hajikuni na ile sehemu ya juu ya mkia iliyokuwa imebaki ngozi tupu manyoya yamesharudi.

Ninayoizungumzia ni ile ya kichupa kidogo cha plastiki, unavunja ncha unamdondoshea mbwa kwenye ngozi kati ya mabega, ndani yake ina fipronil na methoprene. Jina la kampuni siweki, mchanganyiko huo unatengenezwa na wengi, we geuza boksi usome hayo majina mawili. Fipronil ndo inayoua viroboto wakubwa na kupe, hiyo methoprene haigusi mkubwa, yenyewe inaharibu mayai na mabuu yasifike popote. Na hapa ndo ilipozishinda shampuu na unga nilizokuwa natumia zamani, maana zile zinaua waliopo leo halafu kesho kutwa mbwa anajikuna kama hujafanya kitu.

Sasa kosa langu la kwanza. Asubuhi ya siku ile nilimwogesha Bobi vizuri kabisa na shampuu, nikamkausha, nikaona sasa yuko safi ndo wakati wa dawa. Kumbe hii dawa haikai kwenye manyoya, inatembea na mafuta ya ngozi, inasambaa mwili mzima ikijificha kwenye vitezi vya mafuta halafu inatoka kidogokidogo mwezi mzima. Mimi mafuta yote nilikuwa nimeshayatoa na sabuni. Alafu nikaimwaga juu ya manyoya, ikateremka ubavuni ikaishia sakafuni, na baada ya wiki viroboto walikuwa walewale. Kwa hiyo kuogesha ni siku 2 kabla na siku 2 baada usiguse, na kama mbwa wako anapenda kujirusha kwenye maji mpangie siku ambayo hatoenda huko.

Siku hizi nafanya hivi. Nasubiri jioni ametulia, asiwe na vidonda wala michubuko shingoni, navaa glovu, namweka mbele yangu amesimama kichwa kimegeukia upande mwingine ili asinuse kile kichupa. Kichupa nakisimamisha wima ncha ikiwa juu ndo navunja, ukivunja kikiwa kimelala matone ya kwanza yanaruka. Halafu kati ya mabega, pale shingo inapokutana na mgongo ambapo ulimi haufiki, nagawa manyoya na vidole viwili kama unavyogawa nywele za mtoto kabla ya kusuka, naendelea kugawa mpaka nione mstari mweupe wa ngozi. Usipouona huo mstari usiminye. Nikishauona naweka ncha juu ya ngozi yenyewe naminya taratibu, naona dawa inatulia pale inang'aa kama mafuta, nangoja kidogo, naminya tena mpaka kiishe. Sipaki na mkono, sisugui, inajisambaza yenyewe. Kuna dawa nyingine za mbwa wakubwa maelezo yake yanasema udondoshee sehemu kadhaa kufuata uti wa mgongo, hii yangu inasema sehemu moja, kwa hiyo fuata karatasi ya boksi lako, usifuate langu wala la jirani.

Uzito nao watu wanaupuuza sana. Mimi napanda kwenye mizani nimembeba, nashuka namwacha, napanda peke yangu, natoa, Bobi anakuja kilo 18 na kidogo, hivyo boksi langu ni la kilo 10 hadi 20 na kichupa kina mililita 1.34. Nimeshaona mtu ananunua kichupa cha mbwa mkubwa anawagawia wadogo wawili kwa kukadiria na macho, jamani hiyo ni sumu unapima na macho! Mmoja anapata nyingi inamdhuru, mwingine inakuwa ndogo haimsaidii. Na watoto wa mbwa chini ya wiki 8 hii ya kwangu hawaruhusiwi kabisa, hao wachanue na chanuo la meno ya kubanana, na kama mbwa anaumwa, ni mzee sana au ana mimba mpigie daktari wa mifugo kwanza.

Hapa naomba msome taratibu wenye paka. Mimi nilichagua hii isiyo na permethrin (sumu ya wadudu iliyomo kwenye baadhi ya matone ya mbwa) kwa makusudi, sababu nyumbani kuna paka na analala amejikunja tumboni kwa Bobi. Permethrin mbwa anaimudu lakini mwili wa paka hauwezi kuivunja, na si lazima umpake, inatosha akamlamba au akamlalia mbwa aliyepakwa dawa bado mbichi. Paka wa dada yangu alipata hivyo. Ilianza masikio kucheza, tukadhani ni nzi, baada ya muda mfupi mwili mzima unatetemeka, miguu haimbebi, macho yametoka. Alikimbizwa kwa daktari wakamwosha dawa ikatoka wakamdhibiti ule mtetemeko, akapona, lakini dada mpaka leo akiona kichupa cha aina ile anakirudisha alipokitoa. Kwa hiyo kama una paka, soma viungo kabla hujalipa, ukikuta permethrin iache hapohapo. Na hata hii yangu ya mbwa simpaki paka, paka ana boksi lake. Sungura ndo usithubutu kabisa kumwekea fipronil, inamuua.

Baada ya kupaka, usiku ule Bobi halali na mtu kitandani, watoto hawamshiki shingo mpaka pakauke, na mimi nanawa mikono hata kama nilivaa glovu. Kama una mbwa wawili watenganishe wasilambane. Mara moja Bobi aligeuka nikamgusa mdomo na glovu yenye dawa, akatoa mate mengi yenye povu, nikashtuka, nikampa maji akatulia, ni ule uchungu wake. Lakini ukiona anatapika, anatetemeka, anayumba au ngozi imewaka nyekundu, muoshe pale na sabuni laini na upige simu kwa daktari na boksi likiwa mkononi uwasomee viungo. Kichupa kitupu nafunga natupa takataka, simwagi mtaroni wala karibu na maji, inaua samaki na wadudu wa majini.

Sasa, kazi yake. Hii haifukuzi viroboto wasimrukie mbwa, inawaua wakishamgusa, viroboto ndani ya saa 24 hivi na kupe ndani ya saa 48, kwa hiyo kumuona kiroboto mmoja juu ya mbwa haimaanishi imekataa. Tena siku ya kwanza utawaona wengi zaidi maana wanapanda juu ya manyoya wakiwa wamechanganyikiwa na dawa. Mimi mara ya kwanza nilivyowaona hivyo ndo nikaandika ile ripoti mbaya. Jike mmoja wa kiroboto anaweza kutaga mayai 40 mpaka 50 kwa siku, na hayo mayai hayashiki kwenye manyoya, yanaanguka popote mbwa anapolala na kupita. Unaowaona kwenye mbwa ni wachache, wengi wako kwenye zulia, nyufa za sakafu na matandiko yake wakiwa mayai, mabuu na vifukofuko. Na kifukofuko dawa haikipenyi, kinaweza kukaa miezi kinasubiri, kikisikia mtikisiko na joto la mnyama ndo kiroboto anatoka na njaa yake.

Ndo maana mwezi wa kwanza peke yake hauamui kitu. Nilifua matandiko ya Bobi kwa maji ya nyuzi 60 kila wiki, nikapitisha vakyumu chini ya makochi na pembeni mwa kuta karibu kila siku, mfuko wa vakyumu natoa nje papo hapo, na paka naye akapata dawa yake ya paka siku hiyohiyo, maana ukimtibu mmoja ukamwacha mwingine umewahamishia tu makazi. Mwezi wa 2 nilikuwa bado naokota mmoja mmoja, mwezi wa 3 hakuna. Nilihakikisha kwa njia ambayo daktari alinionyesha, unamchanua juu ya mkia, vile vichembe vyeusi kama pilipili manga unavidondoshea kwenye tishu nyeupe yenye maji, vikisambaa rangi nyekundu ya kutu ni kinyesi cha viroboto, ile ni damu ya mbwa wako. Tishu ya mwezi wa kwanza ilijaa madoa, ya juzi ilibaki na vumbi la kijivu tu. Daktari akampa na dawa ya minyoo, maana mbwa akimeza kiroboto anaweza kupata tegu.

Mabaya yake nayo nayasema. Manyoya pale shingoni yanashikana yanakuwa kama yamemwagiwa gundi kwa siku moja au mbili, na ina harufu ya spiriti ambayo usiku wa kwanza inajaza chumba, fungua dirisha. Maelezo yameandikwa kwa herufi ndogo mno, mimi nayapiga picha kwa simu nayakuza, na lile onyo la umri lingetakiwa liwe mbele ya boksi kwa maandishi makubwa badala ya kufichwa kwenye karatasi iliyokunjwa mara nane. Na ncha yenyewe ikivunjika vibaya dawa inavuja pembeni, kwa hiyo vunja mara moja usisitesite. Kwa kupe naipa alama za wastani, wanakufa kweli ila wengine wanakufa wakiwa bado wameng'ang'ania na inabidi uwatoe mwenyewe.

Nyota 4 kati ya 5. Boksi linalofuata nimeshalinunua, nimeangalia vichupa bado vimefungwa na tarehe ya mwisho iko mbali, na kwenye kalenda nimezungushia siku ya kupaka na siku mbili za kutomwogesha kila upande.